Karatasi za Watoto Katika Mitaa ya Kariakoo

Akina mama wengi huenda Kariakoo, Dar es Salaam, kutafuta vitenge, sufuria au viatu vya shule. Ni wachache waendao kutafuta karatasi za kuchorea. Lakini mtoto wa miaka mitatu akishapata penseli, hapana budi apate na mahali pa kuitumia. La sivyo ataupamba ukuta wa sebule, na mwenye nyumba hatauliza nani kachora. Atauliza ni lini mtapaka rangi.

Daftari la shule halimfai mtoto huyo. Yeye huchora kwa mkono mzima kuanzia begani, wala si kwa vidole, kwa hiyo anahitaji karatasi kubwa, tena nyingi. Ukimnunulia kitabu cha kuchorea chenye kurasa chache, kwa nusu saa atakuwa amekimaliza kwa mistari na mizunguko, nawe utajikuta ukisema, "Unaharibu karatasi!" Akiambiwa hivyo kila siku, huanza kuogopa. Huchora kidogo pembeni, kisha humtazama mama. Na mizunguko ile si uharibifu, mpendwa msomaji. Ndiyo njia ya kumfikisha kwa yule mtu wa kichwa chenye miguu bila tumbo, ambaye watoto wengi humchora wakikaribia miaka minne. Karatasi ikiwa ya bei ndogo, mtoto huwa huru na ulimi wa mama huwa mpole.

Basi twende Kariakoo. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza waliokuwa na kambi hapo. Jengo la soko lililosanifiwa na Beda Amuli katika miaka ya 1970 liliungua Julai 2021, lakini biashara ya karatasi haitegemei jengo hilo. Iko katika maduka ya vifaa vya shule na ofisi, na katika vyumba vya wapiga chapa, ambako mashine husikika kabla hujaziona.

Anza kwa mpiga chapa. Karatasi nyingi za mashine kubwa huja zikiwa na upana wa sentimita 64 na urefu wa 90. Kazi ikishachapwa hukatwa kingo, kwa kuwa mashine huhitaji mahali pa kuishika karatasi. Vipande vinavyobaki huwa vyembamba kama vidole viwili au vitatu, lakini virefu. Usividharau! Mtoto atachora juu yake treni, nyoka, au foleni ya daladala isiyokwisha. Kazi ikiwa na kipimo kisichogawanyika vizuri, hubaki vipande vipana zaidi, na hivyo ndivyo vya kuviulizia.

"Shikamoo mama," kijana wa mashine atakuamkia. "Marahaba baba. Vipande mnavifanyaje?" Huenda akacheka kwanza. Wapo wanunuzi wengine, wakiwamo wafungaji wa karanga na wakusanyaji wa karatasi chakavu, kwa hiyo usitarajie bure. Patana naye kwa kilo au kwa mfuko, uende asubuhi kabla hawajafagia, na uchukue penseli mkobani. Jaribu kila aina: karatasi inayong'aa huikataa penseli, hata ikiwa nzuri namna gani machoni.

Dukani, rimu moja ya A4 ina karatasi 500, na ile ya gramu 80 ina uzito wa karibu kilo mbili na nusu. Mama wawili au watatu wakichangia rimu, kila mmoja hupata karatasi za miezi. Uliza pia karatasi ya kaki, ile ya kufunikia madaftari. Ni pana, ngumu, na chaki au rangi nyeupe huonekana vizuri juu yake. Kiwanda cha Mgololo, wilayani Mufindi, hutengeneza karatasi ya namna hiyo kutokana na misindano. Tena tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, mifuko ya kaki huingia nyumbani yenyewe. Ifungue gundi, uinyooshe, umpe mtoto.

Kuna vitu viwili nisivyovitaka kabisa. Mfuko wa saruji, hata ukikung'utwa, hubaki na vumbi linalochoma ngozi na macho. Na karatasi za ofisini zenye majina ya wagonjwa au hesabu za watu si zetu za kugawa, ijapokuwa upande wa pili ni mweupe.

Anayeona haya kumpa mtoto mabaki akumbuke Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora jijini humo mwishoni mwa miaka ya 1960 juu ya vipande vya mbao za dari, kwa rangi za kupakia baiskeli.

Nyumbani, weka vipande katika boksi ambalo mtoto anaweza kulifikia bila kuomba. Mchoro unaoupenda uandikie jina na tarehe kwa nyuma. Iliyojaa pande zote mbili itawashia jiko la mkaa, mradi mwenyewe awe amelala.