Saa Zisizohesabiwa

Katika mtaa wa Matonge, Brussels, mama mmoja kutoka Bukavu husoma hadi usiku namna ya kupima mapigo ya moyo. Kazi hiyo ameifanya kwa miaka kumi na mmoja. Cheti chake cha uuguzi hakikukubaliwa kama kilivyo, hivyo amerudi darasani na vijana walio rika la mwanawe.

Umoja wa Ulaya unadai muuguzi afunzwe kwa saa zisizopungua 4,600, na angalau nusu yake ziwe kando ya mgonjwa. Ili kutimiza sharti hilo, tangu 2016 shahada ya uuguzi katika vyuo vya Wabelgiji wasemao Kifaransa huchukua miaka minne.

Mwaka 1907, katika jiji hilihili, daktari Antoine Depage alimkabidhi Mwingereza Edith Cavell shule mpya ya wauguzi. Zama hizo wagonjwa walihudumiwa zaidi na watawa. Shule ile ilisimama juu ya hoja kwamba huruma bila elimu haitoshi. Mwaka 1915 Wajerumani walimpiga Cavell risasi kwa kuwasaidia askari kutoroka, lakini hoja ilibaki, na hatimaye ikashinda.

Ushindi huo umezaa swali jingine: elimu iliyopatikana katika wodi yenye umeme wa kubahatisha hupimwa kwa mizani gani? Mama wa Bukavu habezi anachofundishwa. Anataka tu saa zake za kule nazo zihesabiwe.