Kijiji cha Wachimbaji Kilichobaki bila Mgodi

Ninyi mnaokaa Kipushi, Likasi, Kolwezi na pengine penye migodi, twataka kuwasimulia habari za kijiji kimoja cha Ulaya. Jina lake Croy. Kiko Uskoti, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Britania. Si kijiji chenye sifa kubwa, na wakaaji wake ni zaidi kidogo ya elfu moja. Lakini sisi tuliokitembelea tuliona huko mambo yanayofaa kufikiriwa na kila mtu anayekula mkate wa mgodi.

Croy iko kati ya miji miwili mikubwa: Glasgow upande wa magharibi, Edinburgh upande wa mashariki. Reli inayounganisha miji hiyo ilifunguliwa mwaka 1842, na stesheni ya Croy ni ya tangu mwaka ule ule. Siku hizi treni ni za umeme, na safari ya Glasgow haizidi sana robo saa. Asubuhi na mapema motokari zinatoka pande zote, zinajaza uwanja mkubwa kando ya stesheni. Watu wanashuka, kila mmoja na mfuko wake, wanasimama kimya. Treni inafika, inawameza. Baada ya hapo kijiji kinanyamaza. Wamebaki wazee, akina mama wenye watoto wachanga, na mbwa. Jioni treni inawarudisha wote, nao wanaingia nyumbani na kufunga milango, maana baridi ya kule haichezewi.

Siku moja tulipanda kilima kilicho juu ya kijiji. Upepo ni mkali, majani ni mabichi mwaka mzima, na ng'ambo ya bonde la mto Kelvin mnaonekana mji mdogo wa Kilsyth na milima yake. Juu ya kilima hicho Warumi wa kale walipitisha boma lao. Kaisari Antonino Pio aliamuru lijengwe karibu na mwaka 142 baada ya Kristu. Lilikuwa na urefu wa kilomita 60 hivi, toka bahari hata bahari. Walilijenga kwa udongo wenye majani juu ya msingi wa mawe, na mbele yake wakachimba handaki. Pale Croy handaki limekatwa ndani ya mwamba mgumu, kwa mikono tu na vyuma. Kwenye kilima cha jirani, Bar Hill, waliwahi kukaa askari wapiga mishale waliotoka Siria. Fikirini safari yao, na baridi waliyoikuta! Lakini baada ya miaka ishirini hivi Warumi waliliacha boma wakarudi kusini.

Chini ya kilima unapita mfereji wa maji, wa kuvushia mashua kati ya bahari ya mashariki na ya magharibi. Walianza kuuchimba mwaka 1768, wakaumaliza mwaka 1790. Ulibeba makaa na bidhaa za kila namna, mpaka reli ikaunyang'anya kazi. Mwaka 1963 ulifungwa. Ulifunguliwa tena mwaka 2001, lakini sasa mashua zake nyingi ni za watu wanaojipumzisha. Hivyo ukisimama pale juu unaona kazi tatu za watu wenye nguvu: boma, mfereji, reli. Mbili zimekwisha kupitwa na wakati wake.

Kazi ya nne haionekani, kwa sababu iko chini ya ardhi. Kijiji cha Croy kilikuzwa na makaa ya mawe. Wengi wa waliokuja kuchimba walikuwa watu wa Ayalandi, waliovuka bahari kwa sababu ya umaskini na ya njaa kubwa ya viazi iliyoanza mwaka 1845. Walikuwa Wakatoliki katika nchi iliyofuata Uprotestanti tangu mwaka 1560, na wengi hawakupokewa kwa furaha. Majimbo ya maaskofu yenyewe yalirudishwa Uskoti mwaka 1878 tu. Basi watu hao walikaa karibu-karibu, wakaoana, wakasali pamoja. Mpaka leo Croy yajulikana kuwa kijiji cha Wakatoliki, na parokia yao yaitwa Msalaba Mtakatifu.

Baada ya Misa ya Dominika tuliongea na mzee mmoja aliyeshuka shimoni tangu ujana wake. Hakutusimulia kwanza habari za mishahara. Alitutajia Auchengeich, mgodi uliokuwa mwendo mfupi kutoka Croy. Tarehe 18 Septemba 1959 moto uliwaka huko chini, na moshi ukawakuta wachimbaji wakiwa ndani ya vigari vyao. Walikufa watu 47. Mzee alisema kwamba siku ile hakuna aliyeuliza nani Mkatoliki, nani Mprotestanti. Kila nyumba iliyofiwa ilikuwa nyumba ya wote. Alipokuwa akisema hayo, vijana wawili wa parokia walisimama wakasikiliza. Tulifurahi kuona hivyo, maana wao hufanya kazi mbele ya mashine za maofisi mjini, wala hawajagusa makaa hata siku moja.

Migodi ilifungwa mmoja mmoja. Cardowan, karibu na Glasgow, ulifungwa mwaka 1983. Mgomo mkubwa wa wachimbaji wa miaka 1984 na 1985 haukuweza kuiponya mingine. Mwaka 2002 maji yaliingia Longannet, mgodi mkubwa wa mwisho wa chini ya ardhi katika Uskoti, nao ukafungwa. Croy ilipona kwa sababu stesheni ilikuwako. Vijiji vingine havikupona. Kusini-magharibi mwa Uskoti kulikuwa na kijiji cha wachimbaji kiitwacho Glenbuck. Huko alizaliwa Bill Shankly, aliyekuja kuwa kiongozi mashuhuri wa timu ya mpira ya Liverpool. Mgodi ulikwisha, watu wakahama, nyumba zikaanguka.

Lakini treni peke yake haifanyi kijiji. Inaleta mshahara tu. Kinachowakusanya watu wa Croy ni kanisa, shule, mpira, na jumba la wachimbaji. Na majumba ya namna hiyo yana habari yake. Mwaka 1920 sheria iliwaamuru wenye migodi katika Britania yote watoe peni moja kwa kila tani ya makaa, iingie katika hazina ya faida ya wachimbaji. Peni moja ni kitu kidogo sana. Lakini tani zilikuwa mamilioni. Kwa fedha hiyo walijenga majumba ya mikutano, viwanja vya michezo, mahali pa kuogea penye migodi, na nyumba za kupumzikia wagonjwa. Na katika halmashauri za kuitumia waliingia wajumbe wa wachimbaji wenyewe. Makaa yamekwisha, na katika vijiji vingi majumba hayo yangali yakitumika.

Hapo ndipo tulipowakumbuka ninyi. Mgodi wa Kipushi ulisimama mwaka 1993, ukaanza tena kutoa madini mwaka 2024. Wanaokaa huko wanajua miaka ile ilikuwa ya namna gani. Tena sheria ya migodi ya Kongo, ilivyotengenezwa upya mwaka 2018, yaamuru kila kampuni inayochimba itenge angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Hiyo ndiyo peni yetu. Basi tuiulizie sasa, wakati shaba bado inatoka: imetolewa? Imepita mikononi mwa nani? Imejenga nini kitakachosimama siku shimo litakapofungwa? Wanaume na wanawake wa parokia wanaweza kuuliza maneno hayo kwa adabu, na kuyauliza tena wasipojibiwa.

Yule mzee wa Croy hana mgodi tena. Lakini Jumatano jioni ana mahali pa kukaa na wenzake, penye moto na chai, na wajukuu wanajua njia ya kumfuata huko.