Namawala: Mikono Tulinawa, Miguu Tuliisahau

Namawala ni kijiji cha wakulima wa mpunga, magharibi ya Ifakara, jirani na Idete. Upande mmoja ipo milima ya Udzungwa, upande mwingine mbuga pana ya mto Kilombero. Wakati wa masika maji hutanda mbugani, na familia nyingi huhamia mashambani, zikaishi katika vibanda vya miti na nyasi mpaka mpunga uvunwe. Mama huenda na watoto wadogo, na wale wa shule mara nyingi hubaki kwa bibi. Kiangazi kikiingia, lile tope hugeuka kuwa vumbi jepesi. Ndani ya vumbi hilo ndimo anamokulia mdudu tunayetaka kuwaelezeni, akina mama wenzetu.

Jina la Namawala linajulikana hata ng'ambo kwa sababu ya mbu. Karibu na mwaka 1990 watafiti wa Ifakara walikesha humo wakiwakamata na kuwahesabu, wakakadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Lakini funza, ambaye wengine humwita tekenya, hana sifa kama mbu. Haui kwa haraka, na anayeugua huona haya kusema.

Tulikwenda Namawala mwezi Agosti 2020, wauguzi wawili na akina mama watatu wa kanisani. Mwaka ule bado mnaukumbuka. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi. Kesho yake serikali ikatangaza kufunga shule, na zile za msingi hazikufunguliwa hadi tarehe 29 Juni. Tarehe 1 Aprili Shirika la Afya Duniani lilishauri kuahirisha kazi za kutafuta wagonjwa vijijini na kugawa dawa kwa umma kwa yale magonjwa yasiyopewa kipaumbele, ili watu wasiambukizane. Ushauri ule ulikuwa na maana yake. Lakini kwa ugonjwa wa funza, mwalimu ndiye amwonaye mtoto anayechechemea. Shule ikifungwa, jicho hilo hufumbwa.

Shule zilipofunguliwa, watoto wengine hawakurudi. Tukaomba orodha ya wasiohudhuria, tukawafuata nyumba kwa nyumba. Wengine walikuwa bado shambani, wengine wamepelekwa kwa ndugu. Wachache walikuwa wamekaa nyumbani kwa sababu ya miguu.

Katika nyumba moja, ndoo ya kunawia ilikuwa mlangoni, na sabuni ipo. Tulinawa, tukamwamkia bibi mwenye nyumba. Mjukuu wake, mtoto wa miaka 8 hivi, alikuwa ameketi juu ya mkeka, miguu ameikalia. Tulipoomba kuiona, bibi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wanangu, wote wanaopita hapa huniuliza habari za mikono. Miguu hakuna aliyeniuliza."

Mtoto aliinyosha. Vidole vilikuwa vimevimba, kucha mbili zimeng'oka, na visigino vimejaa vijidoa vyeusi. Bibi alikuwa akimtoa funza kwa pini ile ile aliyojitolea wake mwenyewe, maana macho yake hayaoni vizuri na hana mwingine wa kumsaidia. Hakutaka majirani wajue, wasije wakasema nyumba yake ni chafu.

Tumwondolee bibi huyu aibu. Mdudu huyu ni mgeni katika Afrika. Inajulikana kwamba aliingia Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazil, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amekwisha fika pwani yetu na Zanzibar. Hakuja kwa sababu ya uchafu wa mtu fulani. Anakaa palipo na vumbi, na nyumba ya sakafu ya udongo ina vumbi hata ikifagiliwa kila siku.

Funza jike huingia ngozini akiwa mdogo kuliko punje ya ulezi. Humo huvimba hadi kufikia ukubwa wa njegere, akiacha tundu dogo tu, ndicho kile kidoa cheusi. Kwa wiki 2 au 3 hudondosha mayai mengi sakafuni. Mayai huanguliwa, viluwiluwi hukulia vumbini, na baada ya wiki 3 au 4 kizazi kipya kiko tayari. Kwa hiyo kumtibu mtoto mara moja na kuiacha sakafu ni kazi bure. Mbwa, paka, nguruwe na panya nao hubeba funza wale wale.

Ndiyo sababu tulirudi Namawala kila wiki kwa miezi miwili. Tuliwaosha miguu kwa maji na sabuni, tukasafisha vidonda. Waliokuwa na usaha, na wale ambao chanjo yao ya pepopunda haikujulikana, tuliwapeleka zahanati. Vijana wa kanisa walisiriba sakafu kwa udongo mbichi na kumjengea mbwa kibanda nje. Mtoto yule alirudi darasani mwezi Oktoba. Katika nyumba nyingine funza walirudi, maana mbuzi waliendelea kulala ndani, na wenyewe walihofia wezi. Hatukuwalaumu.

Nchini Kenya, utafiti uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mafuta yaitwayo dimetikoni, yakipakwa juu ya funza, yaliua 78 kati ya kila 100 ndani ya siku 7, bila pini wala kisu. Mafuta hayo ni adimu vijijini kwetu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza upele na magonjwa mengine ya wadudu wa ngozi, funza akiwamo, katika orodha ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele. Tunaomba orodha hiyo ifike hadi kwenye kabati la dawa la zahanati.

Akina mama, mambo yaliyo katika uwezo wetu ni haya. Mkague mtoto miguu kila jioni unapomwogesha, hasa kando ya kucha na visigino. Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Mvalishe viatu vya kufunika, ukivipata. Pini isitumiwe na watu wawili, kwa maana huambukiza hata virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Ukiwa na jirani mzee anayelea wajukuu, usingoje akuite. Nenda umwamkie, kisha uombe kuwaosha watoto miguu, naye pia.