Uwanja wa Michezo na Jembe Langu

Nilipopangiwa kazi kwa mara ya kwanza katika shule moja ya msingi wilayani Muleba, nilikuwa na bidii kuliko maarifa. Uwanja wa shule ulikuwa kwenye rweya, yaani mbuga ya nyasi iliyo nje ya vibanja vya migomba. Nyasi zake ziliota kwa mafungu, na watoto walijikwaa. Nikaamuru uwanja mzima uparuliwe kwa majembe, mpaka ukawa mweupe kama ua uliofagiwa. Nilisifiwa kwa usafi.

Mvua za vuli zilipoanza, sifa hiyo ilikwisha. Ukanda wa Bukoba ni miongoni mwa sehemu zipatazo mvua nyingi sana katika Tanzania, na udongo wa rweya ni mwepesi, wenye mchanga. Kwa kuwa hapakubaki mzizi wa kuushika, maji yalichimba korongo toka golini hadi katikati ya uwanja, na mawe yakajitokeza. Mvulana wa darasa la nne aliangukia jiwe mojawapo, akavunjika mkono. Hakuna aliyenilaumu, lakini nilijua kwamba jiwe lile lilifunuliwa na jembe langu.

Ndugu mwalimu mtarajiwa, yafuatayo niliyajifunza kwa kurekebisha kosa hilo.

Kabla ya kuchagua mahali, nenda ukapatazame wakati mvua inanyesha, uone maji yatokako na yaendako. Bondeni patakuwa tope. Mteremko mkali utamomonyoka. Sheria za kandanda zinataka uwanja wa watu wazima usipungue urefu wa mita 90 na upana wa mita 45, lakini watoto hawahitaji eneo hilo lote. Afadhali uwanja mdogo ulio karibu sawa kuliko mkubwa ulioinama. Kisha chimba mfereji upande wa juu, ili maji yapite kando.

Mvua zinapoanza, panda ukoka, kwa maana hutambaa na kufunika ardhi. Kata vipande vyenye vifundo, uvipande kwa mistari inayokingama mteremko, ukiacha kiasi cha sentimita 30 kati ya kipande na kipande. Uwanja upumzike mpaka ukoka ushikamane. Baadaye ufyekwe mara kwa mara, usiparuliwe kamwe. Acha urefu wa vidole viwili au vitatu. Nyasi zilizokatwa zitandazwe kwenye migomba ya shule, kama wazee wetu wafanyavyo kwa nyasi za rweya. Mbele ya magoli ndipo panapochakaa upesi: hamisha magoli kila muhula, jaza mashimo, panda tena.

Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba ulitandikwa nyasi bandia katika miaka ya 2010. Shule ya kijijini haina fedha hizo, ila ina ukoka, majembe na watoto wenye akili.

Basi watumie kwa kufundisha. Darasa la hisabati lipime pembe mraba kwa kamba yenye sehemu 3, 4 na 5. Darasa la sayansi lilinganishe maji yatokayo penye nyasi na penye udongo mtupu. Ila kazi ya uwanja usiifanye adhabu. Mtoto aliyepanda nyasi kwa furaha atakuwa wa kwanza kumwonya mwenzake asizing'oe, na pengine kumwonya mwalimu mgeni ajaye na jembe.