Rangi Zangu Zilivyoficha Mlima

Ninafundisha Jiografia katika shule ya sekondari ya kata, Dodoma. Shule ilipopata projekta, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuitumia, na sikatai, nilijivuna. PowerPoint nilijifunza mwenyewe kwa kubahatisha. Nilipojua kuchora umbo na kulijaza rangi, basi nilijiona fundi. Slaidi zangu ziliwaka manjano, zambarau na kijani kibichi. Wanafunzi walishangilia, nami nikadhani wanaelewa.

Siku moja nilifundisha uoto wa Mlima Kilimanjaro. Nilikuwa na picha nzuri ya mlima, nikaweka juu yake maumbo matano, kila ukanda na rangi yake: mashamba ya migomba na kahawa chini, kisha msitu, kisha vichaka na nyasi, kisha jangwa la mawe, na barafu kuelekea kileleni, mita 5,895. Nilieleza kwa madaha. Nilipouliza kama kuna swali, binti mmoja wa Kidato cha Pili alisimama.

"Samahani, Mwalimu. Mlima wenyewe uko wapi?"

Hakuwa akitania. Nikageuka kutazama ukutani, nikaona rangi zangu tu. Zilikuwa zimeuziba mlima wote.

Aliyenisaidia ni katibu muhtasi wa shule, dada niliyezoea kumtuma achape mitihani yangu kwa haraka, mara nyingi bila hata kumshukuru. Sikuwahi kufikiri kwamba ana la kunifundisha. Alibaki na mimi baada ya kazi na hakunicheka.

"Bofya umbo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, Mwalimu, uchague Format Shape," aliniambia. "Ukifungua sehemu ya kujaza rangi, utaona mahali pa kupimia uwazi. Kwenye sifuri, umbo linaziba kila kitu. Kwenye asilimia 100, rangi haionekani kabisa."

Nikasogeza hadi asilimia 60. Msitu ukatokea chini ya kijani, mawe yakatokea chini ya kahawia. Nilimshukuru, na nikamwomba radhi kwa yale ya nyuma.

Hata hivyo sikunyooka mara moja. Nililevywa na uwazi kama nilivyolevywa na rangi. Niliweka maandishi juu ya maumbo mepesi mno, herufi zikapotelea kwenye mawe ya picha, mpaka nikajifunza kuweka nyuma yake kisanduku cheupe kisichopitisha mengi. Nilipandanisha maumbo mawili, na pale yalipokutana rangi ikakolea, wanafunzi wakadhani ni ukanda wa sita. Slaidi iliyopendeza kwenye kompyuta ilififia ukutani, kwa kuwa darasa letu lina madirisha makubwa na jua la Dodoma halina simile. Sasa naijaribu kwanza darasani, mchana, nikiwa nimesimama nyuma kabisa.

Kisha kijana mmoja akanijia faragha, akaniambia kwamba nyekundu na kijani kwake ni kitu kimoja. Ni hali inayowapata wavulana zaidi kuliko wasichana, na nilikuwa nimefundisha miaka bila kuifikiria. Tangu hapo kila ukanda naupa jina lake, na nyingine nazijaza michoro ya mistari badala ya kutegemea rangi peke yake.

Bado nakosea. Lakini wanafunzi sasa wanauliza habari za mlima, na hilo kwangu ni neema, kwa maana sikulistahili.

Ndugu mwalimu mwenzangu, pengine uko pale nilipokuwa, unasifiwa kwa slaidi zinazong'aa. Kabla hujajaza rangi, tazama kilicho chini yake: je, mwanafunzi atakiona? Na kama hujui namna ya kufanya, usione haya. Muulize yule uliyezoea kumtuma.