Kauri ya Kisite

Karani mmoja wa Mombasa aliwaahidi watoto wake kwa muda mrefu kwamba siku moja atawapeleka wakaione bahari ilivyo chini ya maji. Ahadi hiyo ilitimizwa mwezi wa Desemba, majira ya kaskazi, maji yanapokuwa maangavu. Yeye, mkewe na watoto wao watatu walivuka Likoni kabla jua halijachomoza, wakashika njia ya kusini hata Shimoni, mwendo wa kilomita zaidi ya 70.

Hapo waliingia mashua ya mzee mmoja wa Wasini. Walipovipita visiwa vya Mpunguti, pomboo waliruka mbele ya omo, watoto wakapiga kelele kwa furaha. Kisha wakafika Kisite. Kisiwa chenyewe ni kidogo, bali hifadhi inayokizunguka ina kilomita 28 za mraba, na matumbawe yake ni kama bustani. Walivaa miwani ya maji, wakawaona changu na pono, na kasa akiogelea polepole kama mzee atokaye msikitini.

Basi karani huyu ana mama yake Machakos, ambaye hajapata kuiona bahari. Alikuwa amemwagiza hivi: “Niletee kitu cha bahari, nikishike kwa mkono wangu.” Maji yalipokupwa, karani aliona kauri moja nzuri mno, akaiokota, akaitia mfukoni. Sheria aliijua, aliisoma asubuhi ile ile alipolipa kiingilio.

Kitinda mimba wake alimwona. “Baba, si ulituambia tusichukue kitu?”

Karani akanyamaza. Nahodha alikuwa amesikia.

“Bwana,” alisema kwa upole, “marehemu baba yangu alikuwa mvuvi, na hapa ndipo palipokuwa shamba lake. Tangu sheria ya mwaka 1978 hakutupa mshipi hapa tena. Uvuvi wa kienyeji uliachwa kule Mpunguti tu. Siku nyingine tulilala na njaa. Alinung’unika mpaka akafa, lakini sheria hakuivunja. Leo wageni huja kuwatazama samaki wale aliowaacha, nami napata chakula. Haba na haba hujaza kibaba, bwana, na haba na haba ndivyo kibaba kinavyokwisha.”

Maneno hayo yalimchoma karani. Yeye ndiye ambaye ofisini huwarudisha watu nyumbani kwa kukosa muhuri mmoja, na wengine wametembea tangu alfajiri. Aliitoa kauri, akampa mtoto, naye akairudisha mahali ilipookotwa. Hakuna aliyesema neno zaidi. Walikula wali na samaki kule Wasini, na jioni, walipofika tena gatini Shimoni, karani alijaza maji ya bahari katika chupa ndogo.

Sikukuu ya Krismasi familia ilikwenda Machakos. Bibi alimimina maji kidogo kiganjani, akayaonja, akakunja uso, kisha akacheka sana. “Kumbe si uongo! Ni chumvi tupu!”

Ndipo yule kitinda mimba, bila kuulizwa, akaanza kusimulia habari za kauri. Baba yake alitaka kumkatiza, lakini alijizuia, akamwacha aseme yote, tangu mfukoni hata maneno ya nahodha. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akaifunga chupa vizuri, akaiweka rafuni karibu na Biblia yake.

“Basi ingali iko palepale,” akasema. “Ni vyema. Mwakani mtanipeleka nikaitazame mwenyewe.”

Hivyo karani, aliyedhani amemaliza deni la ahadi, sasa ana deni jingine. Na hili halilipiki kwa kitu cha kutiwa mfukoni.