Kuimba Hupokezana

Msomaji wangu, ikiwa umewahi kujifunza jambo kutoka kitabuni bila ya mwalimu, bila shaka unaijua furaha yake na hatari yake. Nataka kukusimulia kosa langu, ili likufae kwa bei ndogo kuliko niliyolipa mimi.

Nilikulia Diani, karibu na mahali ambapo mto Mwachema huingia baharini, kando ya Msikiti wa Kongo. Mwaka 1994, nilipomaliza shule, mama aliuza mbuzi wawili akaninunulia gitaa lililokwisha kutumika. Pamoja na gitaa nilipewa kitabu cha mafunzo ya bluzi na kanda yake. Mama hakuniuliza bluzi ni nini. Aliuliza jambo moja tu: kama kazi hii ingeweza kumlipia dada yangu karo.

Bluzi ni muziki uliozaliwa na watu weusi wa kusini mwa Marekani, wajukuu wa watumwa. Umbo lake la kawaida ni vipimo 12, na kila kipimo kina mapigo 4. Jumla yake ni mapigo 48, kisha wimbo hurudi mwanzo. Kitabu changu kilichora mistari sita mfano wa nyuzi sita, na juu ya mistari kiliandika tarakimu za kuonyesha mahali pa kukandamiza kidole. Kilinifundisha sauti tano ambazo wapigaji wengi huanza nazo, na namna ya kuuvuta uzi pembeni hata sauti ipande kidogo na kulia kama mtu.

Nilijifunza kwa bidii. Kanda ilipigwa na kurudishwa nyuma mara nyingi hata ikaanza kukwaruza. Vidole vilitoka malengelenge, kisha vikaota sugu. Baada ya mwaka mmoja niliweza kupiga solo nzima ya kitabu hicho bila ya kukosa hata sauti moja. Nilijiona fundi.

Ikatokea kwamba bendi moja iliyopiga muziki katika hoteli ilitafuta mpigaji wa solo. Nilikwenda kujaribiwa. Besi na ridhimu zilianza, na mwimbaji, mama wa makamo, akafungua kinywa chake. Nami nikaanza papo hapo! Nilimwaga kila nilichokariri, sauti juu ya sauti, juu ya maneno yake. Yeye alipovuta pumzi, mimi sikupumua. Kufika kipimo cha tano wenzangu walibadili, nami nilikuwa nimekwisha wapita. Kiongozi aliinua mkono, muziki ukanyamaza. Akasema kwa upole, “Kijana, mikono yako imejifunza, masikio yako bado.” Nafasi ile alipewa mwingine.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Mama aliliona gitaa, akauona uso wangu, akanipakulia chakula bila ya neno. Kimya kile kiliniuma kuliko lawama.

Jumamosi iliyofuata mjomba wangu, mpigaji wa sengenya, ngoma yetu Wadigo, alinichukua arusini. Aliniketisha karibu na ngoma, akaniamuru nisiguse chochote, nisikilize tu. Nzumari ilisema, ngoma zikajibu. Ngoma zikauliza, nzumari ikajibu. Tulipokuwa tukirudi aliniambia, “Mpwa wangu, kuimba hupokezana. Wewe uliingia barazani ukahutubia watu waliokuwa wakizungumza.”

Nilifungua kitabu tena usiku ule, nikaona nilichokuwa sikukitazama. Katika bluzi kila mstari wa wimbo hupewa vipimo vinne; sauti ya mtu hutumia karibu nusu yake, na nusu iliyobaki huachiwa gitaa lijibu. B.B. King, mzaliwa wa Mississippi aliyefariki mwaka 2015, alijulikana ulimwenguni kwa desturi hiyo: aliimba, akanyamaza, gitaa lake likaendelea na maneno. Tarakimu za kitabu zilionyesha mahali pa kidole. Kimya baina ya tarakimu hazikuweza kukisema kwa mtu asiyesikiliza.

Fikiri pia juu ya Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili na ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952. Upigaji wake ulichambuliwa kwa nota na David Rycroft katika jarida la African Music kuanzia mwaka 1961. Tazama utaratibu: muziki ulitangulia, maandishi yakafuata. Mimi nilikuwa nimeyashika maandishi nikadhani nimeushika muziki.

Tangu hapo niliimba kwanza kwa kinywa kila nilichotaka kupiga, na pumzi ilipokwisha, vidole pia vilikoma. Baada ya miezi minane nilijaribiwa na bendi nyingine. Nilipiga sauti chache mno, nikachukuliwa. Karo ya dada yangu ililipwa, ingawa mwaka mmoja wa masomo ulikuwa umekwisha mpotea, na mwaka ule siwezi kumrudishia.

Basi, msomaji, usikidharau kitabu. Bila ya kile changu nisingejua hata pa kuweka kidole. Lakini ukimaliza ukurasa, kifunge, uende walipo watu, unyamaze kwanza. Ukisikia wamekuachia nafasi, jibu.